Kiboko Achagua Gari kwa Kugonga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na magari mawili, na mchaguzi mmoja mwenye tumbo!

Haya. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna kimyakimya.

Bi Pimbi na Bwana Kiboko walilima matikiti kwa shirika. Kiboko akala mengi, yaliyobaki yakauzwa, wakanunua magari mawili ya mizigo. Moja bodi ya chuma, jingine bodi ya alumini. Bi Pimbi alilitaka la alumini kwa roho yake yote. Kisima cha kilimani kilikuwa kimekauka, wanawe huko juu wanalamba mawe, na kilima kile gari zito lenye mapipa ya maji halikipandi.

Lakini Kiboko akasema, "Nachagua mimi kwanza. Mkubwa nani?"

"Mkubwa wewe, Bwana."

Sasa, Bi Pimbi alikuwa mwongo. Msitu mzima ulimjua. Akisema kumekucha, watu hutoka nje kutazama. Siku ile akakaa, akafikiri, akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya: akasema kweli.

"Bwana Kiboko, chukua la alumini. Jepesi, halishiki kutu, tena hunywa mafuta kidogo."

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo! "Unanipa sufuria?" Akagonga alumini: pwa pwa pwa. Akagonga chuma: ngoo ngoo ngoo. "Umesikia? Hili ndilo gari!"

"Bwana, chuma kizito, na wewe mzito, na bondeni kuna matope."

"Unalitaka wewe!"

"Silitaki. Litaliwa na kutu."

"Analitaka huyu!" Akapanda, akafunga mlango, kibaa! Akajaza matikiti ya mavuno mapya mpaka juu, akaenda zake.

Bondeni, matope. Magurudumu, chubwi! Milango, chubwi! Dereva naye, chubwi! Ikabaki pua. Bi Pimbi akapita pembeni, gari jepesi, dereva mwepesi, fyuu, mapipa yamejaa maji ya mto.

"Pimbi! Umenidanganya!"

"Kwa neno gani, Bwana?"

Kiboko akalitafuta lile neno. Akatafuta, akatafuta. Hakuliona.

"Hivyo ndivyo ulivyonidanganya!"

Wanawe Pimbi wakanywa, wakaosha hata miguu. Mvua zilipokuja, gari la chuma likaliwa na kutu, vyura wakahamia. Siwafichi, la alumini nalo lilipasuka mlango kwenye jiwe, na msitu mzima hakupatikana fundi wa kuuchomelea. Mpaka leo umefungwa kamba. Lakini hilo Bi Pimbi hakuulizwa.

Funzo, wanangu: msiseme uongo, uongo ni dhambi, tena kweli inadanganya vizuri zaidi. Na siku zote mwacheni mkubwa achague kwanza. Yeye ndiye anayejua.

Hadithi yangu imezima injini hapa. Asiyeridhika ashuke asukume.