Nati ya Mzee Ambwene

Hapo zamani, enzi ambazo pikapu moja ilibeba maharusi, viazi na maiti bila kuoshwa katikati, alikuwapo mzee mmoja jina lake Ambwene. Mzee huyu aliishi mjini, na alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila akibadilisha oili, ile nati ya chini ya injini, inayofunguliwa oili chafu imwagike, aliikaza mpaka ikalia. Ikishakazwa, anachomeka bomba kwenye mkono wa spana, anaongeza. "Moja ya mwisho," husema. Miaka ikapita na moja za mwisho zake. Siku moja nati ikazunguka tu bila kushika. Meno yameisha! Mzee akapangusa mikono, akasema itajishika yenyewe, akaenda kulala. Hakuamka.

Sasa, mzee alikuwa ameshatamka mbele ya watu: "Gari hili ni la atakayenifikisha nyumbani."

Nyumbani kwao ni Lugoda, juu mlimani kwenye ukungu. Vijana wa huko wakachimba kaburi asubuhi. Na huko kaburi likichimbwa halilali wazi. Likilala wazi, linajichagulia wa kulijaza, tena kutoka nyumba ileile. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, Tusekile, na ndiye aliyeshika usukani wa pikapu ya baba yake. Kwa hiyo msimshangae kwamba kila kona alilitazama jua kuliko barabara.

Mbele alikaa na shangazi yake, Ngwisa, dada wa marehemu. Nyuma, pamoja na jeneza, alikaa Gwamaka, fundi aliyelichonga, kaukumbatia msalaba.

Wakaingia kwenye ukungu. Ngo, ngo, ngo! Bodi ikagongwa. Abiria wa nyuma akigonga bodi, dereva anasimama. Tusekile akasimama.

"Kuna nini, fundi?"

"Waniuliza mimi? Wewe ndiye umesimama."

"Si umegonga?"

"Nigonge kwa mkono gani? Kwa baridi hii hata kujikuna nimeahirisha!"

Tusekile akainama chini ya gari. Oili inadondoka, ti, ti, ti, na nati inaning'inia. Akaikaza kwa vidole. Ikazunguka, ikazunguka, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba isiyo yake.

"Inataka kitambaa," akasema.

"Khanga ya shangazi," akadakia Gwamaka.

"Nifike msibani uchi? Nati kaiharibu kaka yangu, kitambaa kitoke kwa kaka yangu!"

Shangazi akapanda nyuma, akafunua jeneza, akachana kipande cha sanda. "Samahani, kaka. Unaona mwenyewe." Tusekile akachungulia begani kwake. Asubuhi walimlaza mzee mikono kifuani. Sasa mkono mmoja ulikuwa umelala ubavuni, ngumi imekunjwa. Shangazi akautazama, Tusekile akautazama, kisha wakafunga jeneza wakizungumzia hali ya hewa.

Wakaizungushia nati sanda, wakaisindilia, ikashika. Wakaondoka.

Ngo, ngo, ngo!

"Fundi!"

"Sijagonga! Na kama kuna aliyegonga huku nyuma, mimi nashuka natembea!"

Tusekile akazima injini, akainama. Nati haipo. Oili inamwagika kama maziwa ya ng'ombe aliyeshtuliwa. Gwamaka akajitupa chini, akachomeka kidole gumba kwenye tundu. Oili ya moto! Akapiga yowe, na ndani ya ukungu mtu akaliitikia yowe lile kwa sauti nzito. Wakasema ni mwangwi. Wote watatu wakasema ni mwangwi, upesi upesi.

Kidole kikaendelea kuungua. Shangazi akaukata msalaba mguu kwa msumeno wa fundi, akashika kipande, naye fundi akachonga kigingi kwa mkono uliobaki. Wakakipigilia. Oili iliyopotea wakaifidia kwa mafuta ya kupikia wali wa msiba, na pikapu ikaanza kunuka maandazi.

Safari hii Gwamaka alikataa kabisa kurudi nyuma. Wakabanana watatu mbele. Nyuma kukabaki jeneza peke yake.

Ngo, ngo, ngo!

Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Usisimame, mwanangu," shangazi akanong'ona.

"Kanyaga!" fundi akasema. "Kanyaga, dada, jua linazama!"

Tusekile akalifikiria kaburi lililo wazi. Akalifikiria jua. Kisha akakanyaga breki, akashuka peke yake. Chini ya gari, pakavu. Kigingi kimetulia. Akasikiliza, kimya. Halafu ukungu ukafunuka kidogo, akaiona, kushoto kwake kabisa: njia ya kuingia Lugoda. Wangesogea kidogo tu wangeipita, wakateremka upande wa pili wa mlima, ambako gari halina pa kugeuzia. Abiria alikuwa amegonga kituoni kwake.

Wakafika. Udongo wa mwisho ukaingia pamoja na giza.

Ndipo ugomvi ukaanza, ufunguo umewekwa mkekani.

"Gari ni langu," akasema Gwamaka. "Nimeacha ngozi ya kidole mle ndani!"

"Kidole umebaki nacho," akasema Shangazi Ngwisa. "Mimi nimemvua maiti nguo. Nani kati yenu angethubutu?"

Tusekile akasema, "Nyote wawili mliniambia nikanyage. Ningewasikiliza, mngelala na kaburi wazi, na sote twajua lingemwita nani."

Mchimba kaburi mmoja akaacha kula. "Na aliyegonga je? Si amejifikisha mwenyewe? Tumfukue tumkabidhi ufunguo?"

"Yeye ndiye aliyeiharibu nati!" akafoka shangazi. Halafu akaziba mdomo, akatazama mlangoni.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuuchukua.

Haya, ninyi mnaosikiliza, na msijibu kwa kunong'ona: aliyechana sanda, aliyeunguza kidole, aliyesimama alipoambiwa akanyage, au yule aliyeharibu nati kisha akagonga bodi? Je, nani alistahili kuuokota ufunguo ule?