Kikapu Kwenye Foleni ya Kura

Hapo zamani, na asinicheke mtu kwamba si zamani, maana simu zenu mmeshazibadilisha mara ngapi tangu siku hiyo, palikuwa na jimbo moja la Marekani, upande wa baridi. Jina lake nalisitiri. Wenyewe bado wapo, na mimi sitaki maneno na watu.

Jimbo hilo lilikuwa na tabia yake. Kila nchi ilipochagua rais, lenyewe lilikwenda upande ule ule. Na kule jimbo likienda, linakwenda zima zima: aliyepata wengi anabeba kura zote za jimbo, aliyepata wachache anarudi mikono mitupu, hata kama hao wachache wanajaza miji. Usiniulize kwa nini. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Nimeelezwa tena na tena, na kila nikielezwa inanikera upya.

Humo aliishi mama mmoja, Mama Spesioza. Alizaliwa Burundi, akakimbia vita akiwa ameolewa juzi tu, akaingia kambini Kigoma, akakaa huko mpaka nywele zikawa nyeupe. Kambini alipanga foleni. Foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya mafuta, foleni ya dawa. Foleni ya kura, hapana. Mkimbizi apige kura ya wapi? Alikotoka wamemfuta, alipo ni mgeni.

Na foleni ya kambini ina adabu zake. Ukibanwa, ukasikia mtoto analia, unaiacha ndoo yako pale pale ulipokuwa umesimama. Ndoo inakusimamia. Haiguswi, hairukwi. Ukirudi unaishika, na hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi. Kwa mama huyu, hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyoishi.

Basi wakapelekwa Marekani, yeye na wanawe wawili: Deogratias, mkubwa, aliyepata kazi kiwanda cha nyama, na Melania, anayetunza wazee. Mama akaishi kwa Deo. Miaka ikapita, akafanya mtihani wa uraia, akaanguka. Melania akawa anamuuliza maswali wakiosha vyombo: bendera ina nyota ngapi, nani anatunga sheria, rais anakaa miaka mingapi. Mama akarudia mtihani, akapita, akala kiapo. Siku hiyo alirudi nyumbani akasema, "Mwaka huu na mimi nahesabiwa."

Umri wake ulikuwa umepita sabini. Moyo ulikuwa unamsumbua. Kura ya kwanza maishani. Mmelisikia hilo? Mlishike.

Melania akasema, "Mama, kura inaletwa kwa posta. Unajaza hapa hapa mezani, tunairudisha, yameisha."

"Ya posta ipige wewe. Mimi ya kwanza naipiga kwa miguu yangu. Nimetoka mbali kote kule, nishindwe kufika hapo?"

Deo akasema, "Nitakupeleka mimi, Mama. Mimi ndiye mkubwa. Asubuhi na mapema, niachie mimi."

Wakamwachia yeye.

Siku ya kura Mama akaamka kabla ya jogoo, ingawa kule jogoo hakuna. Akavaa kitenge cha njano, akavaa koti juu yake, akatia vyeti vyake kwenye kikapu. Akakaa kwenye kochi. Akasubiri.

Deo akapiga simu kutoka kazini. "Mama, wameniomba niongeze saa. Twende mchana. Na usiwe na wasiwasi, jimbo hili linajulikana. Limeshaamua."

Mama akakaa. Akasubiri.

Mchana Deo akapiga tena. "Mama, mchana imeshindikana. Jioni, kweli kabisa."

Mama akakaa, akasubiri, na koti hakuvua. Mtasema, si angekwenda mwenyewe? Aende na nini? Kule hata chumvi unaifuata kwa gari. Jirani angemwomba? Angemwomba kwa Kiingereza gani? Jamani, mimi nikilifikiria lile kochi napandwa na hasira, na mama wala si wangu.

Jioni Melania akapita kumjulia hali, akamkuta na koti.

"Mama! Mpaka saa hizi?"

"Kaka yako anakuja."

"Kaka anakuja wapi! Inuka twende."

Akamtia garini, theluji inaanguka, wakaenda mpaka kanisani. Kwa nini kanisani? Kwa sababu Melania mwenyewe hupigia kura kanisani. Wakapanga foleni, ikasogea, wakafika mezani. Jina la Mama halimo. Likatafutwa juu, likatafutwa chini. Halimo. Mtu wa mezani akasema, "Huyu mama anakaa upande wa pili wa barabara kuu. Watu wa upande huo wanapigia kituo cha zimamoto."

Melania alikuwa ameuliza kabla ya kuondoka? Hakuuliza. Dada mwenye simu mbili hakuuliza hata kwa moja!

Wakageuza gari. Wakafika zimamoto saa mbili inakaribia, na saa mbili ndiyo mwisho. Foleni imetoka nje, watu wanapiga miguu chini kwa baridi. Melania akamshusha mama yake. "Simama hapa, Mama, mwisho kabisa. Naegesha gari, narudi." Mama akasimama mwisho kabisa.

Sasa sheria ya kule, na hii nayo si yangu, inasema hivi: saa mbili ikigonga, msimamizi anatoka na kusimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye mbele yake atapiga kura, hata wakikesha. Aliye nyuma yake arudi nyumbani. Kwa hiyo Mama Spesioza alikuwa amefika. Kilichobaki ni kusimama tu. Kusimama! Mwanamke aliyesimama kwenye foleni nusu ya maisha yake!

Akatokea bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, anasukuma kile kigari wanachojishikilia wazee wakitembea. Jina lake Doroti. Midomo imekuwa ya buluu, magoti yanagongana. Mama Spesioza akamtazama, hakuvumilia. Akamshika mkono, akamweka mbele yake. Lugha hawana, wakatabasamiana. Doroti akaendelea kutetemeka. Mama akaona hapana, huyu ataanguka. Akaweka kikapu chake chini, nyuma ya Doroti, pale pale alipokuwa amesimama, akakisawazisha vizuri. Akaingia ndani kumtafutia kiti.

Naona mmeshashika vichwa. Na mimi nilishika.

Ndani viti vilikuwa vimepangwa ukutani. Kuomba kimoja kwa mikono na Kiingereza cha kuungaunga kukachukua muda wake. Huku nje saa mbili ikagonga. Akatoka msimamizi, Bwana Haroldi, mzee wa watu, mstaarabu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Akaangalia mtu wa mwisho: Doroti. Akaona kikapu.

"Hiki cha nani?"

Doroti akasema, "Sijui."

Kule mzigo usio na mtu unawatia watu hofu. Bwana Haroldi akakifunua kwa ncha ya kalamu, akaona karatasi na kitambaa, akakichukua akakiweka ndani, karibu na gari la zimamoto. Akarudi akasimama nyuma ya Doroti. Foleni ikafungwa.

Mama Spesioza akatoka na kiti, anahema. Akamkalisha Doroti, akampangusa theluji mabegani. Kisha akageukia nafasi yake. Kikapu hakipo. Pale kilipokuwa, sasa amesimama Bwana Haroldi.

"Pole, mama," akasema Bwana Haroldi. "Foleni imeishia hapa."

Mama akaonyesha chini kwa kidole. "Mimi, hapa. Kikapu changu, hapa."

"Kikapu hakipigi kura, mama."

Mama akamtazama Doroti. Doroti akampungia mkono kwa furaha. "Asante sana kwa kiti!" Basi.

Mngekuwa ninyi mngepiga kelele, si ndiyo? Mama Spesioza hakupiga. Kambini ukibishana na anayesimamia foleni anakunyang'anya kadi, na kadi ikienda, watoto wanalala njaa. Akasema, "Asante," akasogea pembeni, akasimama kwenye theluji mpaka Melania akarudi. Melania alipiga kelele kwa niaba ya wote. Foleni ilikuwa imeshafungwa. Hata kikapu walikisahau.

Na walipofika nyumbani, nisikilizeni, televisheni ilikuwa imeshatangaza: jimbo limekwenda upande ule ule. Foleni ya zimamoto bado iko nje, Doroti bado yuko kwenye kiti chake anasubiri zamu, na jimbo limeshakwenda!

Deo akasema, "Si nilisema? Mama, usiumie. Kama uliyemtaka ameshinda, ameshinda bila wewe. Kama ameshindwa, usingemwokoa. Kwani ulikuwa unamtaka nani?"

"Kura ni siri," akasema Mama.

"Lakini Mama, hukupiga!"

Hapo Mama akainuka, akaingia chumbani kwake.

Tangu siku hiyo hakula nao mezani. Chakula alikipokea mlangoni, akasema asante kama anayemwambia mgeni, akafunga. Wakamwomba radhi kwa pamoja, wote wawili, Deo amepiga magoti na sare ya kiwandani. Mama akakataa.

"Msije kwa kundi kunimwagia samahani. Kosa hili lina mwenyewe. Aje peke yake, aseme ni langu. Nitamsamehe siku hiyo hiyo, nitarudi mezani. Lakini aje mwenyewe hasa, asije wa kujitolea ili yaishe."

Jumapili moja mlango ukagongwa. Bwana Haroldi na Doroti. Wameleta kikapu, vyeti vya ndani ndivyo vilivyowaonyesha nyumba. Na Haroldi njiani alikuwa amemweleza Doroti kikapu kilikuwa cha nani. Doroti aliingia analia.

Wakaketi wote sebuleni. Mama akatoka chumbani, akakaa. Melania akawa anatafsiri, na humo humo anatafsiri anagombana.

Deo akasema, "Kosa si langu. Nilichelewa, ndiyo. Lakini kodi ya nyumba hii analipa nani? Nikikataa kuongeza saa, kesho wanamwita mwingine. Halafu, pamoja na kuchelewa kwangu kote, Mama alifika kabla ya saa mbili. Alisimama kwenye foleni ile. Kilichotokea baada ya hapo mnanibebesha mimi kwa nini?"

Melania akamrukia. "Alifika kwa sababu nilimpeleka mimi! Wewe ulikuwa wapi? Haya, nilikosea kituo. Nilikosea nikiwa nakimbia, na nilikimbia kwa sababu yako. Na kura ya posta nilimwambia. Nilimwambia mezani hapo hapo! Angenisikiliza, leo tungekuwa tunakula wali."

Doroti akasema, "Mimi nilimwona anatoka ndani na kiti. Nikajua ni mfanyakazi wa ukumbi, anahudumia wazee. Nani anaacha nafasi yake kwenye foleni kama ile, kwenye baridi ile, kwa ajili ya mtu asiyemjua? Sijawahi kumwona mtu wa hivyo. Ningejua, ningesema alikuwa mbele yangu. Wallahi ningesema." Sawa, wallahi ameiongeza Melania, lakini bibi wa watu alikuwa anamaanisha.

"Lakini alikushika mkono akakuweka mbele yake," Melania akamwambia. "Ulidhani alikuwa anafanya nini kwenye foleni?"

Doroti akainamisha kichwa. "Sikufikiri. Nilikuwa nasikia baridi."

Bwana Haroldi akakohoa. "Mimi nimesimamia kura miaka mingi. Nikimruhusu mmoja aliyekuja nyuma yangu kwa sababu ana sura ya upole, kesho nitamkatalia nani? Nilichoona ni kikapu. Niliuliza cha nani, nikajibiwa sijui. Sheria niliifuata."

"Uliuliza mmoja tu," akasema Melania. "Foleni nzima ile, ukauliza mmoja."

Bwana Haroldi akafungua kifungo cha juu cha koti.

Wakaanza upya. Deo akamnyooshea kidole Melania, Melania akamnyooshea Haroldi, Haroldi akamtazama Doroti, Doroti akalia. Chai ikapoa vikombeni. Kila mmoja ana neno lake la kweli, na kwa maneno ya kweli yote yale hakuna aliyeinuka.

Hapo Mama Spesioza akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Daktari ameniambia moyo huu haijulikani utafika wapi. Kura nyingine ni baada ya miaka minne, hata mtihani wenu uliniuliza. Nimewasikia. Deo kweli, Melania kweli, wageni kweli. Sasa naona amebaki mtu mmoja. Yule aliyeuona mlango wa kura, akauacha, akaenda kumtafutia mtu kiti. Ndiye yeye? Kama ndiye yeye, niambieni leo, ili nijue nilipaswa kumwacha yule bibi aanguke."

Melania akatafsiri neno moja moja. Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine, na nafasi iliyo mbele ya magoti yake ilikuwa wazi.

Mimi hapo nimechoka. Nimekaa na watu hawa wanne kichwani, kila ninayemwinua naona alivyo na haki ya kukaa. Tena msinijibu wote kwa pamoja, yule mama alishakataa mambo ya kundi. Nitajieni mmoja. Je, nani alistahili kwenda kupiga magoti pale mbele, au mnataka kuniambia alikuwa mwenyewe Mama Spesioza?