Injini ya Fisi Bado Inalainishwa

Wewe Nkwabi, acha kuguna. Sijatamka hata neno la kwanza, tayari umeshakunja uso: panya hawezi kuunda baiskeli ya injini. Nani kakwambia? Pedeli ya baiskeli yako ilipotoka uliifunga kwa kamba ya katani, na mpaka leo unakanyagia chuma kitupu. Mtu aliyeshindwa na pedeli asinibishie habari za injini. Asiyeamini atoke nje akaangalie mbuzi. Anayebaki aitikie.

Palikuwa!

— Na sisi tuwemo!

Palikuwa na nini?

— Tuambie wewe uliyekuwapo!

Palikuwa na panya buku, mama mwenye watoto tele, anakaa bondeni. Buku mnamjua: mkubwa kama paka, mashavu yake ni mifuko. Ukiangusha kijiko, kakibeba. Ukiangusha nati, kaibeba. Shimo lake lilijaa vyuma mpaka watoto walilalia spoku.

Buku huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kutaka kujua. Akiokota kitu hakimpi usingizi. Anakinusa: fu, fu. Anakigonga: ngo, ngo. Anakizungusha: kwiru, kwiru. Kisha anajiuliza, "Hiki kinazungusha nini? Na nini kinakizungusha?"

Sasa, masika yaliyopita maji yaliingia shimoni yakachukua watoto wawili. Yaliwachukua, basi, sitalia hapa mbele yenu. Masika mengine yalikuwa njiani, na mawingu yameshaanza kukaa juu ya mlima wa mawe. Kule juu ni pakavu, kuna mapango. Lakini ni mbali. Ukimpeleka mtoto mmoja mdomoni, ukirudi kumfuata wa pili, mwewe kashamla wa kwanza. Ilitakiwa safari moja tu, watoto wote na karanga zao.

Buku akavitazama vyuma vyake. Alikuwa na baiskeli waliyoitupa watu, fremu nzima, rimu zimepinda kidogo. Alikuwa na injini ndogo ya pampu ya maji, ile ya kumwagilia mchicha. Bomba lilipasuka, watu wakatupa bomba na injini pamoja, maana watu hawaulizi. Buku akaiuliza. Akainusa: fu, fu. Akaigonga: ngo, ngo. Akaizungusha: kwiru, kwiru. Injini ikajibu: puh.

"Kumbe uko hai," akasema Buku.

Akaibana katikati ya fremu. Kwanza akaiunganisha na gurudumu la nyuma kwa mpira wa tyubu. Mpira ukateleza, swii, gurudumu limekaa tu. Akaweka cheni. Cheni ikavuta, lakini baiskeli ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, kisha ikazimika. Akakaa chini akala karanga, akitazama. Meno ya injini machache, meno ya gurudumu nayo machache: mbio nyingi, nguvu hakuna. Akatafuta gia pana yenye meno mengi, akaifunga kwenye gurudumu. Sasa kidogo kinazunguka sana, kikubwa kinazunguka polepole, lakini kinavuta. Ukaja mtetemo, ukawa unalegeza nati. Akakata vipande vya tairi kuukuu, akavilaza kati ya injini na fremu. Mtetemo ukanyamaza. Vitu huundwa hivyo. Kinakataa, unakiuliza kwa nini, kinakwambia.

Siku ya kujaribu akapiga pedeli mpaka injini ikashika. Puh. Puh. Ti-ti-ti-ti-ti. Akazunguka kichuguu, ndevu zinapepea. Akashuka anacheka. Akageuka, akamkuta Fisi.

"Hodi, mpwa wangu," akasema Fisi.

"Hodi gani hiyo, mjomba, na mguu umeshaingia?"

"Nimesikia mlio. Nikasema, huo ni mlio wa kitu changu."

"Chako tangu lini?"

"Tangu nilipousikia. Mjomba hanyimwi. Kila penye mzoga nafika tai wameshamaliza. Nikiwa na hiki nitawahi. Ila kwanza nikule wewe, safari haianzwi na njaa."

Moyo wa Buku ulikwenda mbio kuliko ile injini, lakini ulimi ulitulia. "Nile, mjomba. Cheni ikikatika utamwita nani?"

Fisi akafikiri. Fisi akifikiri, masikio huanguka. "Basi nitakula watoto."

"Nyuma ya injini kuna nati ambayo vidole vyangu havifiki. Vidole vyao ndiyo spana yako."

"Najua," akasema Fisi. "Nilikuwa nakupima."

"Lakini mjomba, utaipanda hivi hivi? Hii ni baiskeli ya panya. Mtu wa heshima zako hupambiwa."

Fisi macho yakamtoka. "Niwekee vioo."

"Viwili?"

"Vinne. Na honi. Na vishada kwenye usukani. Na madigadi mapana, uyaandike MJOMBA HANYIMWI."

"Na taa?"

"Weka. Hata isipowaka, weka."

Buku akamkalisha kivulini, upande wa pili wa kichuguu. "Fundi akitazamwa, mjomba, boliti hupotea njia."

"Najua. Nilikuwa nakupima."

Huku nyuma ikawa ngo, ngo, kwiru, kwiru. Buku akaifungua injini, akaizika chini ya karanga ndani ya tenga. Mahali pa injini akafunga chungu cheusi cha maharage, akakifunika, akakizungushia waya, akachomeka bua la mtama liwe bomba la moshi. Akaweka vioo, akaweka vishada, akaandika madigadi. Tenga akalifunga kwenye karia, watoto wakakaa juu ya karanga. "Atakayepiga chafya," akawaambia, "ameniua mimi." Mlimani wingu likanguruma.

Fisi akaitwa. Chungu hakukitazama. Alitazama vioo, akajiona mara nne, akapendeza mara nne. Ndipo akakumbuka. "Mbona hailii?"

"Inalainishwa, mjomba. Injini ikipata mwenyewe mpya, safari ya kwanza haiwashwi. Unaipakia mzigo, unaipandisha mlima kwa pedeli, ili vyuma vizoee uzito wako. Ukiiwasha kabla, imekufa. Ila haya unayajua."

"Nayajua. Nilikuwa nakupima. Mzigo uko wapi?"

"Nimeshakupakia. Spana zako hizo, na karanga za kuongeza uzito. Mimi nitakaa hapa juu nisikilize vyuma."

Fisi akakanyaga. Kwaa, kwaa, kwaa. Mlima ukaanza.

"Mpwa, mbona nzito?"

"Ndiyo inalainika, mjomba."

Kwaa, kwaa, kwaa.

"Mpwa, nasikia mtu anahema."

"Ni wewe au ni injini?"

Fisi akasikiliza. Heh, heh, heh. "Ni injini," akasema, akafurahi.

"Unaona sasa."

Kwaa, kwaa. Gurudumu likapanda jiwe, tenga likaruka, na ndani chuma kikagonga: ngo. Fisi akasimama, mguu mmoja chini. Akageuza shingo, na mnajua shingo ya Fisi ilivyo ngumu kugeuka.

"Karanga gani zinalia ngo?"

Tone la mvua likamwangukia Buku puani, akaliacha hapo hapo. Alijua tenga likifunguliwa hakuna cheni wala spana itakayomwokoa mtu.

"Fungua uangalie, mjomba, mali ni yako," akasema. "Ila ukikaa hivyo katikati ya mlima vyuma vinapoa, na vikipoa kulainisha kunaanzia tena bondeni."

Fisi akatazama bonde kule chini. Akatazama mapaja yake, yanavyotetemeka. Masikio yakaanguka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakupima." Akakanyaga. Kwaa, kwaa, kwaa, mpaka kwenye mapango.

Buku akaruka chini, akafungua tenga kwenye karia, akalisukumia ndani ya ufa mwembamba, watoto, karanga na chuma chao. Kichwa cha Fisi hakipiti hapo, hata ajipake mafuta.

"Mbona unashusha spana?"

"Kushuka hulainishwa bila mzigo, mjomba. Nenda, usishike breki."

Fisi akaachia. Vuuuu. Vishada vinapiga, vioo vinne vinang'aa, masikio yamelala. "Inavuta!" akapiga kelele. "Mpwa, inavuta!" Ikavuta mpaka bondeni. Bondeni ikasimama.

"Mpwa," akaita kutoka chini, "imezimika."

"Haijazimika," akajibu Buku kutoka ufani. "Bado inalainika. Kanyaga tu. Siku itakayolia yenyewe, ujue imeiva. Na usiifungue, itapata baridi."

"Najua," akasema Fisi.

Mvua ikashuka yote. Maji yakaingia kwenye lile shimo la zamani, yakatoka na majani, na vijiko, na spoku. Mtoto hayakutoka naye. Buku alikaa mlangoni mwa ufa akihesabu vichwa, akahesabu tena. Kisha akaifukua injini kwenye karanga. Akainusa: fu, fu. Akaigonga: ngo, ngo. "Na wewe," akaiuliza, "kitu gani kingine unaweza kuzungusha?"

Fisi je? Anakanyaga. Ndiyo maana kiuno chake kimeshuka na mabega yamepanda. Ndiyo maana akifika penye mzoga anakuta mifupa. Na ule mlio mnaousikia porini, wuuu-ip, wuuu-ip, msiseme anacheka. Anaisaidia injini iwake. Ukimuuliza inaendeleaje, atakwambia baiskeli yake ni bora kuliko zote, haili petroli kabisa.

Hadithi nimeiegesha hapo, anayetaka ifike mbele aisukume!

— Tumeiona ilipo, haina breki!

Na funzo lake, maana najua hamlali bila funzo: msidanganye. Aliyedanganya aliishia juu ya mlima, pakavu, watoto wake wote wazima, karanga zinamsubiri, na injini ya bure. Mambo ya aibu. Bali mwigeni Fisi, aliyechukua cha watu, akavumilia, akafanya mazoezi.

Sasa Nkwabi, sogeza miguu nipite. Na asinifuate mtu kuniuliza panya alipata wapi petroli. Mlango huu naufunga.