Kwa Nini Shujaa wa Katuni Hupaa na Kanga Shingoni

Kabla ninyi hamjazaliwa, na kabla televisheni ya kwanza haijapandishwa Kwemhoza ikiwa imefungwa juu ya magunia ya kabichi, mashujaa wa katuni walikuwa wakipaa migongo wazi. Nyuma yao hapakuwa na kitu ila mawingu. Huyu mnayemwona siku hizi, mwenye nguo inayopepea mgongoni, hakuzaliwa nayo. Alivalishwa. Na hiyo ndiyo sababu upande mmoja wa kanga yangu haukai kabatini.

Hapo Kwemhoza aliishi mchoraji mmoja aliyeitwa Shekiondo. Alichora ng'ombe kwenye kuta za mabucha na vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye milango ya vinyozi. Alikuwa mtu mpole. Kuku wakipita juu ya rangi mbichi hakuwafukuza. Alingoja wapite, kisha akawapangusa miguu.

Siku moja, akiwa amechoka na ng'ombe, Shekiondo alichora mtu anayepaa. Akampa jina la Kimbunga, akaanza kumtolea kijitabu kila siku ya gulio, kurasa chache zilizoshonwa kwa cherehani ya mkewe, Rehani. Kwa kuwa misuli alijifunza kwa ng'ombe, Kimbunga alikuwa na mabega ya fahali. Kwa kuwa rangi zilizobaki kwenye kazi za mabucha na vinyozi zilikuwa nyekundu na buluu, alimvika suti ya buluu ya kubana mwili mzima, na juu yake, jamani, chupi nyekundu.

Vijitabu viliuzwa kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Kipingu, kwa sababu pale kila mtu alipanga foleni na debe lake la mahindi, na mtu anayengoja husoma chochote. Watoto walimpenda Kimbunga kuliko sikukuu. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wasiojua wakamzunguka, na hata aliyekuwa amepigwa na mwenzake asubuhi alisogezewa nafasi aone picha. Shekiondo alikuwa akisimama kando kuwatazama, uso wake ukiwaka kama wa bwana harusi.

Lakini mama zao walitazama jalada, wakatazama ile chupi, wakatazamana.

"Fundi Shekiondo," alisema Mama Semeni, jirani yake wa mlango wa kijani, "huyu mtu wako, alipotoka kwao nyumba ilikuwa inaungua?"

"Hapana, mama. Hizo ndizo nguo zake za kazi."

"Kazi gani hiyo ya kukutana na wakwe zako umevaa chupi juu ya suruali?"

Foleni nzima ilicheka, ila Bibi Mwantumu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, na neno lake halikurudiwa. Hakukigusa kile kijitabu. Alisema tu kwamba mtu akiwa hana nguo njiani, anayepita humsitiri, na kwamba Kimbunga akirudi gulio lijalo hajasitiriwa, asirudi tena. Mzee Kipingu akaitikia kwa kichwa, maana mashine ilikuwa yake lakini mahindi yalikuwa ya wanawake.

Shekiondo akaenda nyumbani na mawazo. Hapakuwa na mahali pengine pa kuuzia vijitabu. Kimbunga akifukuzwa kwenye mashine, ingekuwa ndio mwisho wake, na mchoraji angerudi kwa ng'ombe mpaka uzeeni.

Kwanza alimvika Kimbunga shati la mikono mirefu, suruali ya kitambaa na koti. Mtoto wa Rehani wa mwisho alipoiona picha alikimbilia uvunguni.

"Baba, bwana afya anakuja!"

Shekiondo akaifuta. Alitoka nje kupunga upepo, na pale uani, kwenye kamba, akaiona kanga ya mkewe. Akafurahi kama mtu aliyeokota. Akamfunga Kimbunga kanga kiunoni, chupi ikafunikwa yote, na ili picha ipendeze akanakili pindo, maua na maandishi, herufi kwa herufi.

Ninyi mnajua kosa lake, maana mmekulia kwa wanawake. Kanga husema. Neno ambalo mtu hawezi kulitamka mlangoni kwa mwenzake hulivaa, akapita nalo polepole. Lakini kwa Shekiondo yale maandishi yalikuwa sawa na maua, vitu vya kujaza nafasi. Hakujiuliza kwa nini Rehani aliinunua kanga ile wiki ileile alipogombana na Mama Semeni kwa ajili ya ungo ulioazimwa usirudi. Na kanga ilisema: KINACHOKUUMA NINI, SIJAKUGUSA.

Siku ya gulio ilipofika, Kimbunga alionekana kwenye jalada akipaa juu ya paa za Kwemhoza, kanga kiunoni, maneno yakisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Na chini yake kabisa, kwa kuwa Shekiondo alichora alichozoea kukiona, palikuwa na nyumba yenye mlango wa kijani.

Mama Semeni alilisoma jalada mara moja tu. Alirudi nyumbani kwake, akaja na ungo, akautupa miguuni pa Shekiondo.

"Umenishinda, Rehani!" alipaza sauti, ingawa Rehani alikuwa nyuma kabisa ya foleni. "Mimi nimesemwa kwa kanga, nimesemwa kwa taarabu, lakini kusemwa na mtu anayepaa!"

"Mwanamke, hata sikujua!" alijibu Rehani.

"Na yeye apite juu ya nyumba yangu kwa lipi? Hana kwao?"

Kelele zikazidi mashine. Shekiondo alianza kuvikusanya vijitabu vyake, kimoja kimoja, akivipangusa unga. Watoto wakanyamaza wote, wakamtazama kama watu wanaosindikiza jeneza.

Pengine ni ukimya wao uliomfanya Bibi Mwantumu anyooshe mkono achukue kimoja. Akakisogeza mbali na macho yake, akafungua ndani kwa mara ya kwanza. Alitazama picha moja moja, hakuruka hata moja. Kimbunga akizima moto. Kimbunga akivuka mto kwenye mvua ya mawe, ng'ombe wa mtu begani. Kimbunga akimrudisha mtoto aliyepotea, kisha akiondoka zake peke yake gizani. Alipomaliza alirudi mwanzo, kama mtu anayetafuta kitu.

"Fundi," alisema, "ukurasa gani anapewa uji?"

Shekiondo alifikiri. "Haupo, bibi."

"Anaambiwa asante wapi?"

Shekiondo akapekua kijitabu alichoshika mpaka mwisho.

"Kutwa nzima yumo mvuani," alisema Bibi Mwantumu, "na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama anasikia baridi. Kweli Mama Semeni, umeuliza vizuri. Hana kwao. Njoo hapa, baba."

Akavua kanga ya mabegani, iliyojaa unga, akamwinamisha Shekiondo, mtu mzima mwenye ndevu, na kumtandaza kanga mgongoni. Ncha mbili akazileta mbele, akazifunga chini ya kidevu, kama anavyofungwa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha akapitisha vidole viwili kati ya fundo na koo, kuona kama halimkabi.

"Mchore hivyo," akasema. "Huko juu kuna upepo."

Na upepo ukaja kweli, kutoka bondeni. Ukaingia kwenye ile kanga, ukaijaza, ikainuka nyuma ya Shekiondo kama bawa, unga ukitimka. Watoto wakapiga kelele mpaka Mzee Kipingu akazima mashine akidhani imekatika mkanda.

"Kimbunga! Kimbunga!"

Mama Semeni alijitahidi asicheke, akashindwa. Akauokota ungo, akampa Rehani mkononi. "Basi na uji mchoree," alimwambia Shekiondo. "Na aunywe kwangu. Si ameshapajua?"

Gulio lililofuata, Kimbunga alikuwa na kanga mgongoni, na hakuna aliyezungumzia chupi tena. Ukurasa wa mwisho alikuwa amekaa mbele ya mlango wa kijani, kikombe mkononi, mvuke ukipanda. Shekiondo alipotaka kuirudisha kanga, Bibi Mwantumu alikataa. Alisema doti ya kanga ina pande mbili ili mmoja ukae nyumbani na mmoja uende.

Wachoraji wengine wakaona, wakaiga, na wa mbali wakaigwa na wa mbali zaidi. Wasiojua kanga waliondoa maua na maandishi, wakaacha kitambaa kitupu.

Na tangu siku hiyo, kila shujaa wa katuni hupaa na nguo shingoni. Na tangu siku hiyo, kila mtoto anayetaka kuruka kutoka kwenye kochi huanza kwa kufungua kabati la mama yake. Mama hugomba, ndiyo, na kanga ni mpya, na kochi limebaki na miguu mitatu. Lakini mtazameni vizuri. Kabla hajasema "rudisha kanga yangu," humwita mtoto karibu, hulifungua lile fundo lililofungwa ovyo, hulifunga upya, na kupitisha vidole viwili shingoni.