Kisima Kilichonukia Kafuri

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Harjani palikuwa na mwanamke mchaji aliyeitwa Rumaisa binti Ghalibu. Baba yake, Mola amrehemu, alichimba kisima akakiweka wakfu, na baada yake Rumaisa akawa msimamizi. Kila alipomwona mtu akinywa alitabasamu, kwa kuwa alijua thawabu za sadaka ile zinamfikia mzee wake kaburini. Kazi yake nyingine, aliyoifanya bila ujira, ilikuwa kuwaosha maiti wa kike.

Ikatokea maradhi ya kuhara na kutapika yakaingia mjini pamoja na msafara wa wafanyabiashara. Wali wa jimbo, Nasri bin Hatimu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na watu wengi wa kumsaidia. Diwani yake, yaani baraza la washauri wake, ilikutana, ikaunda kamati. Kamati ikakutana, ikapiga marufuku matikiti. Watu wakaacha matikiti, wakaendelea kufa. Hapo diwani ikawaonea huruma waosha maiti, waliokuwa wakibeba maji kutoka mbali, ikaamuru banda la kuoshea lihamishiwe nyuma ya kisima cha wakfu. Kwa haki tuseme kwamba hiyo ndiyo amri pekee iliyotekelezwa siku ileile.

Haukupita muda, maji ya kisima yakaanza kunukia kafuri.

Mji ukatikisika kwa takbiri. Watu walikumbuka kwamba kinywaji walichoahidiwa watu wa Peponi kimetiwa kafuri, wakasema Mola ameteremsha dawa. Wagonjwa wakanyweshwa, wazima wakanywa kwa kujikinga. Kamati ikatumwa kuuchunguza muujiza. Ikanywa, ikathibitisha, na kabla kikao hakijafungwa wajumbe wakaanza kutoka mmojammoja, mbio, bila kumwomba ruhusa mwenyekiti.

Rumaisa alipoyaonja maji yale hakupiga takbiri. Harufu ile aliijua mikononi mwake: ni ya kafuri wanayotiwa maiti katika maji ya mwisho. Akaenda nyuma ya kisima, akayaona maji ya banda yakituama na kuzama ardhini, karibu kabisa na ukingo. Akakaa chini. Diwani haikuwa na mamlaka ya kufunga wakfu. Ufunguo wa kifuniko ulikuwa kiunoni mwake. Akisema, sadaka ya baba yake itakatika kwa mkono wa binti yake. Akinyamaza, watu wataendelea kunywa maji ya maiti wao. Akalia kidogo, akatayamamu kwa mchanga, akaswali, kisha akashika njia ya barazani kwa Wali.

Huko akawakuta wakazi wamejaa hadi mlangoni. Walikuwa wamesikia kwamba serikali inataka kukitwaa kisima.

"Tumechoka na kamati!" alipaza sauti Wardani, muuza mafuta. "Mola katuletea dawa, nyinyi mnatuletea makarani!"

"Ndugu zangu, si dawa," Rumaisa akasema. "Kafuri ile ni ya maiti wetu. Maji tunayowaoshea yanarudi kisimani, nasi tunayanywa."

Mjumbe mmoja wa kamati akashika tumbo, akatoka.

"Binti gani huyu anayemkatia baba yake thawabu?" Wardani akang'aka. "Wamekupa nini, Mama? Huoni haya?"

"Mbele ya Mola naona haya, Wardani. Mbele yako nitazoea."

Karani mkuu akainama sikioni mwa Wali, akamshauri shauri lirejeshwe kamatini, maana kukiri hadharani kungeivunjia diwani heshima.

"Kamati iko wapi?" Wali akauliza.

"Chooni, Mheshimiwa."

Hapo Wali akasimama. "Enyi watu, amri ya kulihamisha banda ni yangu, na muhuri ni wangu. Nilikosea. Banda litarudi lilikokuwa. Maji yataletwa kutoka mtoni, juu ya mji, yatachemshwa, na kila asubuhi nitakunywa wa kwanza mbele yenu."

Rumaisa akakifunga kisima kwa mkono wake mwenyewe. Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Waliomwita kuosha maiti wao hawakumsalimu, na Wardani alikuwa akimwuliza sokoni, kwa sauti, kama amekwisha kumwomba marehemu radhi. Naye akasubiri, akaendelea na kazi yake. Watu waliyanywa maji ya Wali huku wamenuna, kwa kuwa hawakuwa na mengine.

Basi asubuhi moja mlango wake ukagongwa kwa nguvu. Akafungua, akamwona Wardani ameinamisha kichwa.

"Inna lillahi," Rumaisa akasema. "Ni nani?"

"Hakuna, Mama. Hakuna aliyekufa. Mke wangu, uliyesikia kwamba hajiwezi, leo kaamka ananigombeza. Anataka uji, na wangu anasema hata mbuzi hawezi kuunywa. Nimekuja... kama hutojali... uje umpikie wewe."

Rumaisa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msafara ule uingie. Ndipo watu wakatanabahi kwamba tangu Ijumaa hapakuwa na jeneza lililotoka mjini.

Wali alipokuja kumshukuru, bibi yule alimwuliza lililokuwa likimkosesha usingizi: "Mji umepona, Alhamdulillahi. Lakini baba yangu je? Kisima kimefungwa. Ataandikiwa nini sasa?"

"Bibi Rumaisa," Wali akajibu, "baba yako alikusudia watu waishi, na wanaishi. Malaika wanaoandika mema hawakuajiriwa na diwani yangu. Hawaachi kuliandika jambo eti kwa sababu halina muhuri."

Bibi akainua mikono akashukuru, na usiku ule, wanasema, alilala hadi adhana.

Tuzingatie, ndugu zangu. Mji mzima uliiona Pepo ndani ya ndoo, na mcha Mungu kuliko wote ndiye aliyesema hapana. Mola atujaalie ulimi kama wake, na atupe viongozi wanaoweza kusema "nilikosea" bila kwanza kuitisha kikao. Amin.