Suruali ya Italia Iliyoshonwa Buyenzi

Kuna vitu ambavyo bila kupigiwa kelele havitazamwi na mtu, na kuna vitu ambavyo hata vikikaa kimya kwenye kona watu watavifuata. Kitu chema ubora wake ndio mdomo wake. Lakini kitu hafifu, hata kikivikwa jina kubwa, hakina budi kuzungushwa na kusifiwa mpaka anayekisifu akaukwe na mate. Sikuzani, fundi wa kushona wa Buyenzi, aliyajua hayo kwa suruali moja ya kijivu.

Sikuzani alikuwa ameweka cherehani yake kwenye baraza la nyumba yao, katika mtaa wa magereji, hapo Bujumbura. Upande huu mume wake, Huseni, alilala chini ya magari pamoja na mafundi wenzake; upande ule yeye alikanyaga cherehani, nyundo za magereji zikimpigia ngoma. Alishona suruali za wanaume, na alizishona kwa moyo. Kila suruali aliyoikata aliiachia akiba ya kitambaa ndani ya mshono, upana wa vidole viwili, mahali ambapo mteja haoni.

"Mwanamume ni kama unga wa ugali," alizoea kusema. "Leo ni kidogo, kesho amejaa sufuria."

Basi siku mwenye suruali akinenepa, mshono ulifunguliwa, suruali ikapumua, na mtu akaenda zake bila kununua nyingine.

Lakini dunia tambara bovu. Watu wa mjini walianza kutaka nguo za marke, yaani nguo zenye jina la kampuni kubwa lililobandikwa pale ambapo jirani ataliona. Asiyeweza kuzinunua mpya alizisaka kwenye chagua, ile mitumba ya sokoni, akipekua marundo kutafuta jina kabla hajatazama kama zipu inafunga. Mteja akipita barazani kwa Sikuzani, alishika suruali iliyotundikwa, akageuza kiuno chake kutafuta etiketi, asiione, akaondoka. Cherehani ikawa kimya kama maji ya mtungini. Sikuzani akamwambia mumewe kwamba heri waiuze, maana mashine isiyozunguka huliwa na kutu, na mkono usio na kazi huula moyo wa mwenyewe.

"Usiuze," Huseni akamjibu. "Kazi yako iko nzuri. Watu watarudi."

"Watarudi lini? Nikiwa kipofu, natafuta tundu la sindano kwa ulimi?"

Hapo ndipo alipokuja Tajudini, mdogo wake Huseni. Tajudini alikuwa na butiki katikati ya mji na ulimi uliopakwa asali. Alitoa mfukoni utepe mweusi ulioviringishwa, akaukunjua juu ya meza ya kukatia. Zilikuwa ni etiketi, moja baada ya nyingine, zenye herufi za rangi ya dhahabu: ORVELLI, ITALIA.

"Shemeji, shona vilevile unavyoshona. Ongeza tu haka kadogo," alisema. "Suruali yako ikikaa hapa barazani ni suruali. Ikikaa kwangu na haka, ni Orvelli. Bei inaumuka yenyewe kama maandazi."

"Na huyo Orvelli ni nani?"

"Hakuna anayemjua. Ndiyo maana wanamheshimu."

Sikuzani alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Moyo ulikataa, chungu cha jikoni kikakubali, na mfa maji haachi kutapatapa. Akashona. Suruali zikaenda mjini zikiwa na jina la mtu asiyekuwepo, na hazikukaa. Siku moja alipopeleka mzigo butikini, alimkuta mteja mmoja akipapasa mshono kwa dole gumba na kusema, "Wazungu wanajua kushona, jamani!" Sikuzani akasimama pale mlangoni, ameshika furushi lake, akijisikia kama mama ambaye mwanawe anasifiwa kwa jina la mama mwingine. Akarudi nyumbani, na mashine ikaendelea kuzunguka, lakini mkanyagaji hakuimba tena kama zamani.

Asubuhi moja alibisha hodi mama wa makamo kutoka Kanyosha, jina lake Daphrose. Alikuwa na sauti ya kuamrisha na mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba kulikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mchanga.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama. Karibu, keti."

"Sikai bado. Kwanza nionyeshe mikono."

"Mikono?"

"Mikono, ndiyo. Mtaa huu umejaa mafuta ya magari. Hii haiko suruali ya hivihivi. Ni Orvelli. Imetoka Italia."

Sikuzani akanyoosha viganja vikakaguliwa mbele na nyuma. Suruali ilikuwa bado haijakunjuliwa yote, naye alikwisha kuitambua.

"Sasa sikiliza," Daphrose alisema, akikaa. "Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yetu, Orlane. Hii nilimnunulia mume wangu, Pontien, kwa ajili ya siku hiyo. Lakini tangu apewe kiti cha ofisi kwenye depo yao huko Zone Industrielle, hasimami tena. Anakaa, anakula brosheti za nyama. Tumbo limeota! Jana amejaribu kuivaa, kifungo kimeruka mpaka kwenye sahani ya paka. Fundi wa kwetu ameitazama, amesema nguo ya kiwanda haina akiba ndani, ukiifungua umeiua. Mi nikasema, ngoja nijaribu Buyenzi. Lakini nyinyi mafundi wa hapa, vraiment! Mungejua kushona hivi, nani angenunua Ulaya?"

"Usijali, mama," Sikuzani alisema, maneno yakimtoka kabla hajayashika. "Ndani kuna vidole viwili kila upande. Itatosha."

Daphrose akamkazia macho. "Umejuaje? We haujaifungua."

Sikuzani akauma ulimi, lakini neno likitoka halirudi. Angeweza kusema amekisia. Angeweza kucheka na kubadilisha mazungumzo. Akisema kweli, kazi ya Tajudini ilikuwa imekwisha, mkate umeondoka mezani, na cherehani ingerudi kwenye kutu au kwa mnunuzi. Akidanganya, mikono yake ingebaki watumwa wa mtu asiyekuwepo mpaka siku ya kuingia kaburini. Alitazama mshono ule wa kijivu, ulionyooka kama mstari wa msala. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikwisha kufika mwisho wake.

"Nimejua kwa sababu niliiacha mwenyewe," alisema. "Suruali hii nimeishona mimi, hapa, kwa mashine hii. Orvelli hakuna, mama. Nimekosa. Nisamehe."

"Yampayinka!" Daphrose akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe nimenunua Buyenzi kwa bei ya Ulaya!"

Akasimama, akaketi, akasimama tena. Nyundo za gereji zilinyamaza, maana mafundi nao wana masikio. "Nikugombeze sasa, au nikugombeze baadaye?" akauliza.

"Unavyopenda, mama."

"Jumamosi haingoji. Shona kwanza. Tutagombana ukimaliza."

Sikuzani akaketi, akafungua mshono kwa ncha ya wembe, polepole, kama anayefungua jicho la mgonjwa. Kitambaa kilichofichwa kikatoka, kingali kipya, kikilingana rangi na chenzake. Daphrose akainama kutazama. Pembeni mwa kitambaa kile uzi ulikuwa umezungushwa vizuri kisifumuke, kazi safi mahali pasipo na jicho la mtu.

"Na hii uliiacha ya nini," aliuliza, sauti imeshuka, "kama mwenye kununua haioni?"

"Ili siku akiihitaji aikute."

Daphrose akapitisha kidole juu ya uzi ule. Ule ugomvi aliokuwa ameuandaa ukakosa mahali pa kukaa. Suruali ilipokwisha na kupigwa pasi, aliomba mkasi, akaikata ile etiketi kwa mkono wake mwenyewe, akaifumbata.

"Na wewe sijakumaliza," alimwambia Sikuzani. "Lakini naanza na aliyeniuzia."

Jioni Tajudini alifika barazani akitweta kama mvukuto. "Shemeji, umenimwagia mchuzi mbele ya wageni! Yule mama amesimama katikati ya butiki, ameinua etiketi juu kama refa mwenye kadi nyekundu! Imenibidi nimrudishie alichozidisha, na wateja wawili wametoka bila kuaga. Lete vitambaa nilivyokuachia ushone. Mafundi wako wengi, na wengine hawana mdomo."

Huseni alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Tajudini, mdogo wangu, sikia. Gereji kwangu kuna vyuma vya jina kubwa, na vile vya kweli vinastahili bei yake, maana ukivifunga gari linaenda. Lakini jina peke yake halikazi bolti."

Tajudini akachukua vitambaa na utepe wake, akaondoka bila kunywa hata maji.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Sikuzani alikaa barazani akipangusa mashine isiyo na vumbi. Huseni, mtu wa maneno machache, alimletea ovaroli yake ya kazi imepasuka gotini, akamwomba amtilie kiraka. Kesho yake akaileta tena, safari hii imepasuka mgongoni.

Sikuzani akaigeuza, akaitazama kwa karibu. "Baba Faridi, chuma hakikati namna hii. Hapa mtu amepitisha mkasi."

"Labda ni panya," Huseni alisema, akitazama upande wa msikiti.

"Panya wa gereji wana mikasi siku hizi?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na kwa mara ya kwanza tangu etiketi ziingie katika nyumba ile, Sikuzani alishona huku akiimba.

Baada ya posa kupita, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya baraza. Alishuka Pontien, mtu mkubwa mwenye uso wa furaha, amevaa suruali ile ya kijivu, na nyuma yake wanaume wanne waliovaa sare za depo. Daphrose alishuka wa mwisho.

"Mama fundi, nimekuletea balaa," Pontien alisema. "Siku ile ya wakwe nimekaa, nimesimama, nimecheza, nimeinama kuchukua kinywaji cha heshima. Hakuna kilicholia! Msemaji wao akaninong'oneza: bwana, hii umeitoa wapi? Mi nikafungua mdomo niseme Ulaya…"

"Nikamkanyaga mguu," Daphrose alidakia.

"Akanikanyaga mguu! Nikasema Buyenzi. Mtu hakuniamini. Jumatatu nimeivaa kazini, hawa nao hawakuamini. Nikasema pandeni gari, mtaona kwa macho."

Wanaume walimzunguka Pontien, wakapapasa mshono, wakamgeuza kama ng'ombe wa mnadani. Mmoja wao akauliza, "Na zetu, mama, utaziwekea etiketi gani?"

"Sina etiketi, baba. Nina futi na mkasi. Njoo nikupime."

"Mpime vizuri," Daphrose alisema. "Na usimdanganye bei. Mi nimejifunza: nguo ikiwa na jina na kazi vyote viwili, mwenye uwezo alipe, haijambo. Lakini nililipa jina lenye ukubwa wa ukucha." Kisha akainama kwenye sikio la Sikuzani. "Ule ugomvi wetu nimeutupa ziwani. Nishonee sketi."

Kutoka siku hiyo baraza halikukauka. Waliopimwa walileta ndugu zao, ndugu wakaleta mabosi wao. Hakuna aliyegeuza kiuno cha suruali kutafuta jina, waligeuza mshono.

Na Tajudini? Alipata fundi mwingine, mwenye haraka, aliyekata kitambaa kwa ubahili na kushona kama anayekimbizwa. Etiketi zilikuwa zilezile, dhahabu ileile, lakini suruali zilipasuka watu wakikaa kanisani, na habari ya aibu hupanda pikipiki. Butiki ikapoa. Basi akafunga spika kwenye baiskeli, akazitundika suruali mbele na nyuma, akaanza kuzizungusha mji mzima, Kanyosha asubuhi, Gatumba mchana, spika ikilia, "Orvelli! Orvelli ya Italia! Bei imeanguka!"

Alasiri moja alipita mtaa wa magereji. Watu waliokuwa wakingoja kupimwa hawakugeuka. Betri ya spika ikafa katikati ya neno "Italia", na Tajudini akabaki amesimama juani na suruali zake, jasho likimtiririka.

"Shemeji!" Sikuzani akamwita. "Njoo kivulini. Kuna chai."

Akaja, akaegesha baiskeli, akanywa kikombe kizima bila kupumua. "Nimetembea mpaka mpakani," alisema.

"Umeuza ngapi?"

"Usiulize, Mama Faridi." Akatazama foleni ile, akatazama mikono ya shemeji yake ikichora chaki juu ya kitambaa. "Nisamehe. Ukikubali, nitundike zako butikini. Bila Orvelli. Wakiuliza, nitasema zimeshonwa na nani na wapi."

"Na kwa bei ya kazi, si ya jina?"

"Kwa bei ya kazi. Wallahi."

Sikuzani akampa mkono, na Huseni akacheka kutoka chini ya gari. Siku ileile Tajudini aliing'oa ile spika, akaenda butikini na suruali tatu mpya begani, kimyakimya. Na kabla hajafika mwisho wa mtaa, mpita njia alimsimamisha na kumuuliza zinatoka kwa nani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.