Mtoto wa Chifu Halaliwi Juu

Palikuwa na mama mmoja tajiri, jina lake Bi Theonestina, mwenye vituo vya mafuta kila unapogeuza shingo. Mama huyu alitaka jambo ambalo hata mafuta yake yasingeweza kulisukuma: alitaka mtu yeyote asilale juu ya bintiye.

Binti mwenyewe, Praxeda, alikuwa chuo kikuu, mwaka wa kwanza, anakaa bwenini. Mama alikuja kumtembelea na magari mawili, moja la kumbeba yeye, la pili la kubeba mito ya kulalia. Akaingia chumbani, akaona kitanda cha dabodeka. Chini shuka la hariri la Praxeda. Juu kanga iliyopauka, na juu ya kanga hiyo kakaa msichana mwembamba, miguu inaning'inia, anatafuna korosho.

Msichana huyo ni Sikudhani, mtoto wa mbanguaji korosho wa Newala. Alikuwa fukara kweli kweli. Ila ulimi! Ulimi ule Mungu alimpa kwa mizani iliyoharibika.

"Shikamoo, Mama," akasema, akaruka chini.

Bi Theonestina hakuitikia. Alipiga yowe mpaka matroni wa bweni akaja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Matroni! Huyu analala juu ya mwanangu?"

"Ndiyo, Mama, ndivyo vitanda vilivyo..."

"Kwetu sisi ni ukoo wa chifu. Mtoto wa chifu halaliwi juu!"

Uchifu wenyewe, kwa taarifa yenu, ulikuwa wa jirani yao. Lakini tuyaache hayo.

"Mama, mimi sina neno na Sikudhani," Praxeda akasema.

"Nyamaza! Hujui hata ukoo wako."

Matroni akajikuna kichwa. Alikuwa ameahidiwa friji na Bi Theonestina, na mtu aliyeahidiwa friji huwa mwepesi wa kuelewa mila za watu. Akamgeukia Sikudhani.

"Utahamia ghalani, kwenye mafagio."

Ghala lile halikuwa na dirisha wala taa. Huwezi kusoma mle, na asiyesoma hufeli, na akifeli anarudi Newala kubangua korosho mpaka uzee. Sikudhani aliogopa, nawaambia. Lakini yeye akiogopa ndipo ulimi unapoamka.

"Mama, kwani hata mbu haruhusiwi kumpita Praxeda juu?"

"Mbu ni mdudu!"

"Basi nihesabu mdudu, Mama. Tena mimi siumi."

Wasichana walikuwa wamejaa mlangoni, Wamasai, Wapemba, Wahehe, wa kila kabila na kila chakula. Wakacheka. Bi Theonestina akavimba.

"Miguu yako ndiyo tatizo! Haiwezi kukaa juu ya kichwa chake."

"Nitageuka. Kichwa nikiweke huku, miguu kule."

"Hata kichwa chako hakitoshi!"

"Basi tubadilishane. Yeye juu, mimi chini."

"Mwanangu apande ngazi? Ni fundi wa paa huyu?"

"Mama, kwetu anayelala juu ndiye mlinzi. Paa likianguka linaanza na yeye."

"Kwetu mlinzi hulala nje!"

"Ndiyo maana mnaibiwa hadi uchifu?"

Hapo palilipuka kicheko. Praxeda akaficha uso kwenye mto, mabega yakimtikisika. Mama akamnyooshea Sikudhani kidole chenye pete tatu.

"Na huo mkoromo wako unamshukia mwanangu usingizini!"

"Mkoromo hupanda, Mama. Anayekoroma yuko chini."

"Mwanangu hakoromi!"

"Nakoroma, Mama," Praxeda akasema ndani ya mto. "Kama ile jenereta ya nyumbani."

Bi Theonestina akaona akiendelea hivi atatoka mle bila uchifu na bila binti. Akamkazia macho matroni.

"Friji," akasema. Neno moja tu.

Matroni akavaa ile kandambili ya pili, akasimama wima kama hakimu.

"Imetosha! Natoa amri. Katika bweni hili, hakuna atakayelala juu ya Praxeda. Awe nani, awe nani!"

Sikudhani akainamisha kichwa kwa adabu.

"Naomba urudie, Matroni. Mimi mzito wa kuelewa. Hata awe mtu mzima?"

"Hata awe mtu mzima!"

"Hata awe mkubwa hapa chuoni?"

"Hata awe na cheo cha kugusa mawingu! Amri ni amri. Kunja godoro!"

"Ahsante, Matroni. Sasa nimeelewa."

Akakunja godoro. Akalifunga kwa ile kanga yake, akajitwika. Wasichana wakampisha, wengine machozi yanawalengalenga. Bi Theonestina akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

Lakini Sikudhani alipofika ukumbini hakuelekea ghalani. Akashika ngazi, akapanda. Matroni akamfuata, kandambili zinapiga makofi, na Bi Theonestina nyuma yake anahema. Wakamkuta ghorofa ya kwanza, kasimama mbele ya mlango wenye pazia la maua, godoro bado kichwani.

"We mtoto, una wazimu? Ghala liko chini! Hapa ni kwangu, hapa ndipo ninapolala!"

"Najua, Matroni. Sakafu yako ndiyo dari yetu. Langu nimeshalikunja, nimekuja kukusaidia kukunja la kwako."